Damu Haisomi Karatasi Zetu

Maneno haya niliyasema mbele ya wanafunzi wa uhandisi wa vifaa tiba, wauguzi, wazazi na majirani waliokuja kuniaga siku nilipostaafu kufundisha. Waliokosa kufika wameniomba niyaandike. Nimeyaweka yote, isipokuwa picha nilizoonyesha ukutani.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wangu, hamjambo? Wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa bila kupitia nyumbani, poleni na kazi, na ahsanteni sana.

Nimeombwa nieleze miaka yangu 34 katika utafiti wa vali bandia za moyo, ile milango midogo inayoizuia damu isirudi nyuma, na wa mishipa bandia. Nikieleza yote tutakesha hapa. Nitaeleza machache, na yote yanazunguka swali moja. Tukiingiza ndani ya mkondo wa damu kitu ambacho mtu hakuzaliwa nacho, damu itakipokeaje? Na huyo mtu, akishatoka hospitali, ataishije nacho?

Nusu ya kwanza ya swali hilo niliianza nikiwa kijana. Nusu ya pili nilichelewa sana kuiona. Leo nataka niwapunguzie ninyi kuchelewa huko.

Tuanze na hesabu ndogo. Wekeni kidole kwenye kifundo cha mkono. Mnausikia? Moyo uliotulia hupiga kama mara 70 kwa dakika. Kwa siku ni mara laki moja na zaidi. Kwa mwaka ni zaidi ya mara milioni 36, na kila pigo vali zinafunguka na kufunga. Chukueni mlango wa nyumbani unaofunguliwa mara 100 kila siku. Ili mlango huo ufanye kazi ambayo vali inaifanya kwa mwaka mmoja, utahitaji miaka 1,000. Na vali haina siku ya kupumzika. Haina fundi anayekuja kuitia mafuta.

Sasa niwapeleke darasani kwangu. Nilipokuwa darasa la sita nilikaa dawati moja na msichana aliyenizidi hesabu kwa mbali. Kila mvua zilipoanza aliumwa koo. Nyumbani walisema ni mafindofindo, akasukutua maji ya chumvi, yakapita. Mwaka mmoja koo lilipopoa magoti yalivimba, kisha viwiko. Nayo yakapita. Baada ya hapo akawa anahema akipanda kilima cha shule. Aliadhibiwa kwa kuchelewa, kwa sababu aliyekuwa zamu alimwona mvivu. Kabla hatujafanya mtihani wa darasa la saba, tulimzika.

Miaka mingi ilipita kabla sijajua kilichomuua. Lile koo lilikuwa na bakteria waitwao streptokoka. Kinga ya mwili ilipopambana nao, ikachanganya sura ya mgeni na sura ya mwenyeji, ikazishambulia vali za moyo wake mwenyewe. Vali hizo hupona kwa makovu. Zikishakuwa na makovu huwa ngumu kama ngozi iliyoachwa juani; nyingine hazifunguki vizuri, nyingine hazifungi. Madaktari wanauita ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi. Dawa ya kuuzuia ilikuwapo tangu kabla sisi wawili hatujazaliwa: penisilini, na kwa aliyekwisha kuugua, ile sindano mnayoiita penadua, anayochomwa kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka. Mzazi uliyekaa hapa, mtoto akiumwa koo na ana homa, mpeleke zahanati. Hata kama hamtakumbuka neno jingine nililolisema leo, mpeleke zahanati.

Vali ikishaharibika, penadua hairudishi kilichopotea. Hapo ndipo kazi yangu inapoanzia.

Na hapo ndipo kazi ya wote waliotutangulia ilipoanzia. Kulikuwa na mhandisi Mmarekani aitwaye Lowell Edwards. Alitengeneza pampu za mafuta za ndege, akapata hataza kadhaa, akastaafu akiwa na mali ya kumtosha. Lakini ujanani aliugua homa hiyohiyo ya baridi yabisi, mara mbili, na moyo haukumtoka akilini. Mwaka 1958 alimwendea daktari kijana wa upasuaji mjini Portland, Albert Starr, akamwambia anataka watengeneze moyo mzima wa bandia. Starr akamshauri waanze na vali moja. Miaka miwili baadaye walikuwa na tundu dogo la chuma lenye gololi ya silikoni ndani yake. Damu ikisukuma, gololi inasogea na kufungua njia; damu ikitaka kurudi, gololi inaziba. Mgonjwa wa kwanza, mwanamke kijana, alifariki saa chache baada ya upasuaji kwa sababu hewa iliingia kwenye mkondo wa damu. Wa pili aliwekewa Septemba 1960, akarudi kwenye maisha yake, akaishi takriban miaka kumi, na alipofariki si moyo uliomuua. Alianguka akipaka rangi nyumba yake.

Mtu aliyekuwa hawezi kutembea chumba kwa chumba, anapanda ngazi na kopo la rangi! Nikiwa mwanafunzi nilisoma habari hiyo usiku, nikamkumbuka yule wa dawati langu, nikalia. Nilitoka uhandisi wa mitambo nikaingia kwenye vali.

Wenzangu, tusije tukadhani mambo haya yote yalitoka kwenye maabara zenye mashine za thamani. Mshipa bandia wa kitambaa ulitoka kwenye cherehani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 daktari kijana wa New York, Arthur Voorhees, aliona uzi wa hariri uliosahaulika ndani ya moyo wa mbwa umefunikwa utando laini unaong'aa. Akajiuliza: kama mwili unaufunika uzi, si utaufunika na mfuko wa kitambaa? Alijaribu kwa leso ya hariri, kisha kwa kitambaa kiitwacho Vinyon-N, na mwaka 1952 yeye na wenzake wakatangaza matokeo. Huko Houston, daktari wa upasuaji Michael DeBakey akataka kushona mirija yake mwenyewe. Mama yake, mhamiaji kutoka Lebanoni, alimfundisha kushona tangu utotoni. Alikwenda dukani kununua nailoni. Nailoni imekwisha, akaambiwa. Kuna kitambaa kipya, Dacron. Akanunua hicho, akakishona kwa cherehani ya mkewe, na mwaka 1954 akakitia kwa mgonjwa.

Je, mnajua ile nailoni ingefanya nini? Ndani ya mwili nailoni hupoteza nguvu mwaka hadi mwaka, kwa sababu maji ya mwili huikata minyororo yake. Dacron, ambayo ni poliesta kama ya mashati mengi mliyoyavaa leo, hustahimili. Na DeBakey alipofikisha miaka 97, mshipa wake mkuu wa damu, aota, ulichanika ndani. Wanafunzi wake walimfanyia upasuaji ule alioubuni yeye mwenyewe, wakamwekea mrija wa Dacron. Aliishi hadi karibu afike miaka 100.

Hadithi hiyo ni tamu, lakini ina mtego, nami niliwaona vijana wengi wakinasa humo. Mrija wa kitambaa unafanya kazi kwenye mshipa mpana, ambamo damu inapita kwa kasi na kwa wingi. Ukiufanya mwembamba chini ya milimita 6, mara nyingi unaziba. Ndiyo maana mpaka leo daktari anayetaka kuipitisha damu pembeni ya mshipa wa moyo ulioziba huchukua mshipa wa mguuni mwa mgonjwa mwenyewe, au ateri ya kifuani. Tangu Voorhees imepita miaka zaidi ya 70, na mrija mwembamba unaoushinda mshipa wa mtu bado hatujaupata. Sikuupata mimi. Nilitumia miaka tisa nikiutafuta.

Kwa nini unaziba? Hapa nitawaomba uvumilivu, kwa sababu hapa ndipo nilipoishi.

Damu ikigusa kitu kigeni haisubiri. Katika sekunde za mwanzo kabisa, kabla chembe yoyote haijafika, protini za damu zinajipanga juu ya kitu hicho. Kwanza zinafika zile ndogo zilizo nyingi, kama albumini. Kisha zinakuja nyingine, zinazisukuma zilizotangulia, zinakaa mahali pake. Ni kama watu wanaogombea viti kwenye daladala kituo cha kwanza: waliowahi si lazima wawe ndio watakaofika mwisho wa safari. Aliyeugundua ugombeaji huo ni Leo Vroman, mtaalamu wa damu mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi New York, na unaitwa kwa jina lake hadi leo. Nawatajia pia kwamba Vroman alikuwa mshairi, na Waholanzi wengi wanamjua kwa mashairi yake kuliko kwa damu. Nimewahi kuwaambia wanafunzi kwamba hiyo si bahati nasibu. Mtu aliyezoea kulipima neno kwa neno jirani yake ndiye atakayeuliza: aliyeketi hapa, jana alikuwa nani?

Chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoanza kuziba jeraha, zikifika hazikioni chuma wala plastiki. Zinaona protini zilizoketi juu yake. Kama juu pamejaa faibrinojeni, protini ya kugandisha damu, iliyojikunja vibaya, chembe sahani zinasoma hapo kwamba kuna jeraha. Zinashikana, zinaitana, na bonge la damu linaanza. Kwa hiyo unapotengeneza kifaa cha moyo hutengenezi kifaa tu. Unaandika barua ambayo damu itaisoma. Karatasi zetu za utafiti haizisomi. Inasoma ile barua.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Nilikuwa kijana, nimerudi na shahada ya uzamivu, nimebuni namna ya kupaka poliyurethini, aina ya plastiki, ili chembe sahani zisishike. Tulijaribu damu juu yake miezi na miezi. Chini ya hadubini palikuwa peupe kama sahani iliyooshwa. Tukaandika, tukachapisha, nikapongezwa. Kisha mwenzangu mmoja akatoa damu mkononi mwake, mbichi, akaipitisha pale pale bila kuihifadhi. Kwa dakika chache iliganda mrija mzima.

Tulikosea wapi? Damu yetu yote ilitoka kwenye mifuko ya akiba, na mifuko ile ina sitrati. Sitrati huikamata kalsiamu, na bila kalsiamu damu haiwezi kuganda hata ukiimwaga juu ya mchanga. Tulikuwa tumemfunga shahidi mdomo, halafu tukafurahi kwamba hakututaja. Miaka miwili! Nilirudi kwa waliotupa fedha nikawaeleza. Nilirudi kwa mhariri wa jarida nikaomba isahihishwe. Vijana, siku hiyo sikulala, lakini ndiyo siku niliyoanza kuwa mtafiti. Mkipata jibu zuri, ulizeni kwanza ni nani mmemfunga mdomo.

Kuna hadithi nyingine ya kitu kilichotoka mahali ambapo hakuna aliyepatarajia. Miaka ya 1960 daktari Vincent Gott aligundua kwamba nyuso zilizopakwa grafiti, zikatiwa heparini, dawa ya kuizuia damu isigande, zilikaa ndani ya damu ya mbwa bila kuziba. Habari hizo zilimfikia Jack Bokros, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi kwenye vinu vya nyuklia huko California. Kazi yake ilikuwa kuvisha punje za nishati ya nyuklia kaboni ngumu sana inayopikwa kwa gesi kwenye joto kali. Akamwandikia Gott: na hii yangu? Wakaijaribu. Kaboni ile ikakaa kwenye damu vizuri, na haikulika. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 ikaingia kwenye vali, na mpaka leo vali nyingi za kudumu zina vibawa vyake.

Hizo ndizo vali mnazoziita za chuma. Ni ngumu, zinaweza kumpita umri mwenye nazo. Mkikaa karibu naye usiku, mnaisikia: tik, tik, tik.

Lakini zina sharti. Mwenye vali hiyo atakunywa dawa ya kuizuia damu isigande, kila siku, maisha yake yote. Watu huiita dawa ya kuyeyusha damu. Kwa kweli haiyeyushi kitu, inaichelewesha isigande. Inaitwa warfarini, nayo ina historia yake. Februari 1933, katikati ya theluji, mkulima wa jimbo la Wisconsin alifika kwenye maabara ya mkemia Karl Link akiwa na mtamba aliyekufa, majani yaliyooza na kopo la maziwa lililojaa damu ambayo haikutaka kuganda. Ng'ombe wake walikuwa wakivuja damu hadi kufa. Ilichukua miaka sita kuipata kemikali iliyokuwa kwenye majani yale. Jamaa ya kemikali hiyo ndiyo warfarini. Iliuzwa kwanza mwaka 1948 kama sumu ya panya, na miaka ya 1950 ikaingia hospitalini.

Sasa nifike kwa yule ninayetaka mwondoke naye.

Alikuwa na miaka 22 alipowekewa vali ya chuma kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo. Hospitali sitaitaja, wala kijiji. Kutoka kwao hadi mahali wanapopima kiwango cha kuganda kwa damu, kile kipimo cha INR, ni basi la asubuhi na basi la kurudi kesho yake. Kwa vali ya mahali pale madaktari wanataka namba ikae kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, vali inaganda. Ikipanda, mtu anavuja damu, pengine kichwani. Na inapanda na kushuka kwa mambo ya kila siku: dawa ya malaria, homa, wiki ya kula kisamvu na matembele kuliko kawaida. Msimu wa mvua basi halipiti. Mnapimaje?

Akapata mimba. Jirani akamwambia dawa unayokunywa ni sumu ya panya, na itamlemaza mwanao tumboni. Akaacha.

Wauguzi mnanitazama kwa sababu mnajua. Jirani hakusema uongo. Ilianza kweli kama sumu ya panya. Na kweli, katika miezi ya kwanza inaweza kumdhuru mtoto. Kuna njia: anaweza kubadilishiwa sindano za heparini, ambayo haivuki kondo la nyuma kumfikia mtoto. Lakini njia hiyo inataka kliniki, inataka daktari anayempokea mapema, inataka mtu aliyemkalisha chini siku ya kwanza akamwambia: ukikosa hedhi, njoo siku hiyohiyo. Hakuna aliyemwambia. Mama huyu alichagua kati ya uhai wake na wa mwanawe, usiku, peke yake, kwa maneno ya jirani.

Mumewe ndiye aliyemleta. Daktari alipomuuliza ameona nini, alisema: "Kila usiku nilikuwa nalala nikiisikia ile saa yake. Siku mbili hizi siisikii."

Bonge lilikuwa limekishika kibawa cha vali. Walimpa dawa ya kuyeyusha bonge, na safari hii neno kuyeyusha ni la kweli. Sauti ikarudi. Mimba haikubaki.

Niliitwa kuitazama vali kwa vipimo, kwa sababu nilikuwa nikifanya utafiti wa vali za namna ile. Nikamkuta wodini, nikampa pole, nikaanza kumweleza jinsi kaboni ile ilivyo bora, jinsi damu inavyopita, jinsi bonge lilivyotokea pembeni mwa bawaba ambako damu inazubaa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Profesa, hii vali mlimtengenezea nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka 19 kazini, na sikuwa na jibu.

Kwa sababu jibu la kweli lilikuwa hili. Vali ile ilitengenezewa mtu anayekaa nusu saa kutoka maabara, mwenye simu ya daktari wake, mwenye bima, mara nyingi mwenye miaka 60 na zaidi. Huku kwetu anayehitaji vali ni msichana wa miaka 15, kijana wa miaka 20, mama anayetaka kuzaa. Kuanzia siku ile nilibadilisha ninachokiuliza maabara. Niliacha kuuliza kwanza kama chembe sahani zimeshika. Nilianza na zahanati: kuna nini pale? Kuna umeme? Kuna kipimo? Mgonjwa atakosa dozi ngapi kwa mwaka, kwa hali halisi? Halafu narudi nyuma hadi kwenye kemikali.

Mtu ataniuliza: kwa nini asiwekewe vali ya mnyama? Ni swali zuri. Huko Paris, mwishoni mwa miaka ya 1960, daktari wa upasuaji Alain Carpentier alionyesha kwamba vali ya nguruwe ikihifadhiwa kwa glutaraldehaidi, dawa inayotumika pia kulainishia ngozi viwandani, inaweza kukaa moyoni mwa mtu miaka mingi, na wengi hawahitaji warfarini ya maisha. Familia zetu za Kiislamu zikiuliza kuhusu nguruwe, kuna vali zinazoshonwa kwa ngozi nyembamba inayoufunika moyo wa ng'ombe. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa hilo kabla ya kusaini, na asione aibu kuuliza. Tatizo ni umri. Kwa mzee, vali hiyo inaweza kumtosha. Kwa kijana, kalsiamu inaingia kwenye nyuzi zake upesi, inakuwa ngumu kama chokaa, na anarudi kupasuliwa upya. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, na wa tatu sitaki kuusimulia.

Mwingine ataniuliza: na hizi dawa mpya zisizohitaji kupima? Nasi tulizitumainia. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa mojawapo, dabigatrani, kwa watu wenye vali za chuma. Ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Waliopewa dawa hiyo walipata mabonge zaidi, na walitokwa damu zaidi, kuliko waliobaki na warfarini. Kwa mwenye vali ya chuma, bado ni warfarini.

Kwa hiyo tufanye nini? Tukae tusubiri wengine? Nitawapeleka Kerala, kusini mwa India, mji wa Trivandrum. Wazee hapa wanakumbuka miaka ambayo mgonjwa wetu wa moyo aliandaliwa pasi ya kusafiria kwenda India, na walio na ndugu waliokwenda wanajua gharama ya kusubiri. Wahindi nao walikuwa na shida yetu: vijana wengi wenye baridi yabisi, na vali zinazotoka ng'ambo kwa bei isiyoshikika. Daktari M. S. Valiathan alikuwa amesoma Marekani kwa Gott, yule wa grafiti, na kwa Charles Hufnagel, ambaye mwaka 1952 alikuwa wa kwanza kumwekea mtu vali bandia. Alirudi kwao, akakusanya wahandisi kwenye Taasisi ya Sree Chitra Tirunal, akasema tutatengeneza ya kwetu.

Sikilizeni walivyopita. Muundo wa kwanza ulishindwa. Wa pili ukashindwa. Wa tatu ukashindwa. Walijaribu hata kisahani cha yakuti ya kutengenezwa, jiwe gumu, zuri, nacho kikapasuka. Fikirieni mkutano wa asubuhi ile. Fedha ya umma, miaka imekwisha, kondoo wa majaribio wamekufa, na watu nje wanasema si mngenunua tu? Walianza tena. Safari hii kisahani kikawa cha poliethilini, jamaa ya plastiki ya ndoo na madumu yetu, ila yenye minyororo mirefu mno ya molekuli, hivyo hailiki kirahisi. Fremu ikawa ya aloi ya kobalti na kromu, na pindo la kushonea likawa la poliesta. Tarehe 6 Desemba 1990 waliiweka kwa mgonjwa wa kwanza. Tangu hapo imewekwa kwa maelfu kwa maelfu, kwa bei iliyo chini sana ya zile za kuagizwa. Na kwa kuwa kisahani ni plastiki, sauti yake ni ya chini. Mwenye nayo analala.

Nilipoishika mara ya kwanza niliigeuza mkononi muda mrefu. Si nzuri kama zile za kaboni. Lakini kila sehemu yake ni jibu la mtu aliyejua mgonjwa wake ni nani.

Hata hivyo nayo inataka warfarini. Tusidanganyane. Kazi haijaisha.

Kinachotafutwa sasa ni vali yenye vibawa laini vya polima, yaani plastiki, vinavyojikunja kama vya vali ya kuzaliwa nayo, visivyoingiwa na kalsiamu na visivyohitaji dawa ya maisha. Cape Town, kwenye chuo cha Christiaan Barnard, aliyempa mtu moyo wa mtu mwingine mwaka 1967, kuna kundi lililojipa kazi ya kuitengeneza hasa kwa ajili ya vijana wa baridi yabisi, na iingizwe bila mashine kubwa za hospitali tajiri. Hapa Dar es Salaam, tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na upasuaji ambao baba zetu waliufuata ng'ambo unafanyika hapa. Wagonjwa tunao. Madaktari tunao. Mikono ya kutengeneza ndiyo iliyo michache, na mikono hiyo imekaa mbele yangu.

Msiogope kemia. Msiogope kondoo. Ogopeni damu iliyotiwa sitrati! Na kabla hujachora mstari wa kwanza wa vali yako, panda lile basi la asubuhi, ulale kijijini, urudi na basi la kesho yake. Nililipanda nikiwa na miaka 47. Pandeni mkiwa na 22.

Yule mama yuko hai. Ana mtoto sasa, wa kike, aliyezaliwa baada ya miezi mingi ya sindano za heparini na ya kulala kwa shangazi yake mjini ili awe karibu na kliniki. Mwezi uliopita alinipigia simu. Alisikia nastaafu, akataka kujua kama ile vali isiyotaka dawa imekwisha patikana. Nikamwambia bado. Akanyamaza kidogo, nikaisikia, tik, tik, kwa mbali kwenye simu. Kisha akasema, "Basi nawasubiri, Profesa. Ila waambie hao wanafunzi wako wafanye haraka, binti yangu naye ameanza kuumwa koo."

Nilimwambia ampeleke zahanati siku ileile, na alimpeleka. Ninyi, nilimwahidi nitawaambia. Nimewaambia.